Barza ya Kahawa na Asali

Mama mkwe wangu hajawahi kuingia ndani ya nyumba yetu, wala hataingia. Katika ukoo wao wa Kasai, mama wa mke havuki kizingiti cha mkwe wake, na hampi mkono. Akija, anaketi nje. Akiwa na neno kwa mkwe, anampa binti yake alifikishe, hata kama mkwe amesimama hatua nne tu kutoka pale na amesikia kila kitu. Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, wa familia ya Kikatoliki ya kaskazini mwa Katanga, na kwetu mambo haya ni mepesi zaidi. Lakini nimeoa kwao, na kwa miaka ishirini na mitatu nimeishika desturi yao bila kukosea.

Ndiyo maana barza, kibaraza cha mbele ya nyumba yetu mtaani Ruashi, ina uzito ambao barza za majirani hazina. Mke wangu alinieleza siku niliposimamisha nguzo ya kwanza.

"Mamu hataona saloni," aliniambia. Mamu ndivyo anavyomwita mama yake. "Hataona jikoni. Hataona hata ile kabati ulitengeneza miezi mine. Ataona barza tu. Basi barza njo nyumba yangu yote."

Nilimwahidi mambo mawili: kwamba barza ingekamilika kabla mama yake hajaja kututembelea kutoka Mbuji-Mayi, na kwamba rangi ya mbao angechagua yeye.

Ahadi hii ya pili ilikuwa na historia. Kabla ya kujenga tulipanga nyumba nne, zote Kampemba, na zote zilikuwa na milango ya chuma ya buluu, buluu ya mwenye nyumba. Mwaka mmoja mke wangu alipaka rangi ya maziwa dirisha moja tu la jikoni. Mwenye nyumba alikuja, akalitazama, akamwambia arudishe buluu. Akarudisha. Mimi nami nilikulia kambi ya reli, ambako wapakaji walipita na ndoo moja ya kijani wakapaka milango yote ya mstari wetu, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Baba yangu hakuulizwa neno. Sikumbuki kama alilalamika. Rangi ya mlango kwetu ilikuwa kama mvua: ilikuja wakati wake, na mtu hakuwa na la kusema.

Kwa hiyo tulipopata kiwanja Ruashi, tulikuwa watu wazima wawili ambao hawajawahi kuruhusiwa kuchagua rangi ya kitu chochote kinachosimama nje.

Kiwanja kilikuwa na kichuguu kirefu kuliko mimi. Tulikivunja, tukafyatua matofali kwa udongo wake, tukayachoma palepale. Naweza kusema, na nasema bila aibu, kwamba nyumba yetu imetoka kwenye shimo lake yenyewe. Ilichukua miaka sita. Kuta nilijengewa na mwashi, lakini milango, madirisha na barza nilitengeneza kwa mikono yangu.

Sikusomea useremala. Kazi yangu ni kutunza ghala la vipuri vya malori, na shule niliiacha mwaka wa nne wa sekondari. Nilijifunza mbao kutoka kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada, kutoka maandishi madogo yaliyo nyuma ya makopo, na kutoka makosa. Nina daftari. Kila ninachokijaribu nakiandika: mbao gani, nimefanya nini, hali ya hewa, matokeo. Daftari la kwanza lilijaa zamani, na watoto wetu, ambao sasa ni wakubwa na wanajitegemea, wanaliita Agano la Kale. La pili, ninalolitumia sasa, ni Agano Jipya. Sijali. Ndani ya madaftari hayo kuna mambo ambayo maseremala wenye karakana walikuja kuniuliza.

Mbao za barza ni mulombwa, mti wa misitu yetu. Moyo wake ni hudhurungi yenye wekundu, na nyama ya pembeni ni nyeupe kama muhogo. Nilizinunua zikiwa bado na magome, misimu mitatu ya mvua kabla ya kuzitumia, nikazipanga nyuma ya nyumba na vijiti katikati ili hewa ipite. Wiki ileile jirani yangu, fundi magari, alinipitishia juu ya ukuta bidoni, yaani dumu, la mafuta machafu ya injini, yale tunayoyaita mafuta ya vidange. Ruashi nzima hufanya hivyo: mchwa ni wengi, na mchwa hawapendi mafuta hayo. Watu wengine hupaka miguu ya nguzo peke yake. Mimi nilipaka mbao zote, pande zote, mara mbili. Nakumbuka nilijiona mtu mwangalifu sana.

Baadaye nilizipiga randa, zikatoka safi, na nikasahau.

Sasa niseme kuhusu rangi yenyewe. Kwetu watu husema verni kwa kitu chochote kinachong'aa juu ya ubao. Lakini verni hukaa juu kama ngozi. Jua la Septemba likiipiga barzani, inapasuka na kubambuka kama magamba. Nilichotaka mimi ni rangi inayozama ndani ya ubao na kuacha mistari yake ionekane. Ipo, na si vigumu kuipata mjini. Ugumu ni kuichagua, kwa sababu makopo yana majina ya miti ya Ulaya ambayo hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kukaa kwenye kivuli chake, na picha iliyo juu ya kifuniko hupigwa chini ya jua lingine, juu ya ubao mwingine. Nilinunua makopo matano madogo na kuyapa majina yangu: asali, chai, matofali, kahawa, majivu. Majina haya angalau kila mtu nyumbani aliyaelewa.

Nilikata vipande vitano kutoka ubao wa mulombwa niliokuwa nimeununua mwishoni, kwa ajili ya rafu. Kila kipande nilikipaka theluthi mbili na kuacha theluthi moja wazi. Mwezi wa tano, mvua zilipokatika, nilivipigilia kwenye ukuta unaotazama magharibi, ule unaokula jua la mchana na vumbi la barabara ya malori ya mgodi. Nilivipa wiki kumi. Kila Jumapili baada ya Misa nilifuta nusu ya kila kipande kwa kitambaa kikavu, nikatazama, nikaandika.

Fundi magari, ambaye huniita voisin, jirani kwa Kifaransa, alinitazama juu ya ukuta Jumapili tatu kabla ya kushindwa kujizuia.

"Voisin, hizo mbao zimefanya kosa gani mpaka umezipigilia ku ukuta?"

"Niko naangalia gani itavumilia jua."

"Na zikivumilia?"

"Nitapaka barza."

"Mi nilipaka mulango yangu siku moja. Asubui nilinunua rangi, mangaribi nilikuwa nakunywa bière."

"Na sasa mulango iko rangi gani?"

Aligeuka akautazama mlango wake kana kwamba hajauona siku nyingi. "Iko rangi ya mulango," akasema, akaondoka.

Baada ya wiki kumi nilikuwa na matokeo. Majivu yalifanya ubao uonekane umekufa. Matofali yalificha vumbi kabisa, lakini saa sita mchana kipande kilipotea ndani ya ukuta na mtu asingejua kama kuna mbao pale. Kahawa ilivumilia jua kuliko zote, ila vumbi lilionekana juu yake kama unga juu ya meza nyeusi. Asali ilikuwa nzuri na dhaifu: juma la nane ilikuwa imeanza kufifia. Chai ilisimama katikati kwa kila kitu. Nilipigia chai mistari miwili chini yake, nikamwita mke wangu aje achague, nikiwa na hakika kwamba angechagua chai.

Mke wangu huuza vitenge sokoni Kampemba. Miaka ishirini amesimama mbele ya rangi kutwa nzima, na ana njia yake. Hachagulii mteja kitambaa chini ya taa ya kibanda. Anakitoa nje juani, analowesha pembe moja, anaikamua, kisha anaiweka kando ya shavu la mteja na kurudi hatua tatu nyuma. Alipokuja ukutani hakutazama daftari. Alileta kikombe cha maji, akamwagia kila kipande, hasa ile theluthi niliyoiacha wazi, maana ubao ukilowa, alisema, unasema kweli. Akanisimamisha kando ya kila kimoja kama shavu. Akaenda zake. Saa kumi na moja jioni alirudi akarudia yote.

"Asali," akasema.

"Asali itachoka mbio. Jua itaikula. Daftari inasema chai."

"Daftari njo itaketi na Mamu?"

"Hapana."

"Basi, asali. Ikichoka utapaka tena. Unafikiri utaenda wapi?"

Sikubishana. Nilikuwa nimeahidi. Na ili niwe mkweli, saa ile ya jioni, jua likiwa limeinama, asali ilifanya kitu ambacho Jumapili zangu za asubuhi hazikuwahi kunionyesha: mistari ya mulombwa iliwaka kutoka ndani. Nilinunua kopo kubwa la asali.

Mama mkwe alitarajiwa Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Zilikuwa zimebaki wiki tatu na siku moja. Jumamosi asubuhi nilipiga msasa nguzo ya kwanza, ile ya kushoto, nikaifuta vumbi, nikakoroga rangi taratibu, nikapaka nikifuata mistari kutoka juu kwenda chini. Saa sita mchana rangi ilikuwa imejikusanya vitone vitone, kama maji juu ya jani la muhogo. Nilidhani ni joto. Jumapili ilikuwa bado inanata. Jumatatu jioni, niliporudi kazini, nguzo ilikuwa bado inanata, na chini ya asali zilikuwa zimetokea ramani nyeusi, zenye kingo, kama visiwa.

Mke wangu alitoka jikoni. Aligusa nguzo kwa kidole kimoja, akakitazama kidole, kisha akanitazama mimi.

"Rangi yangu iko mubaya?" akauliza.

Alisema kwa sauti ndogo, na hiyo si sauti yake. Niliona anaikumbuka ile rangi ya maziwa ya dirisha. Ingekuwa rahisi kumwambia ndiyo. Daftari lilikuwa limeikataa asali tangu mwanzo. Ningesema tu kwamba nilimwonya, angeinamisha kichwa, ningepata chai yangu, na hakuna mtu angejua. Nakiri kwamba nilishawishika. Kisha nilishika mkono wake, nikanusa kile kidole. Kilinuka injini.

Niliingia ndani nikaleta daftari la kwanza, lile lililojaa. Ilinichukua dakika chache kupata ukurasa. Mwandiko ulikuwa wangu, safi, umenyooka: mafuta ya vidange, mbao zote, pande zote, mara mbili. Nilimsomea kwa sauti, neno kwa neno.

"Haiko rangi yako," nikasema. "Iko mafuta yangu."

"Agano la Kale," akasema mke wangu.

Hakucheka mara moja. Alitembea mpaka ukutani, akavitazama vile vipande vitano vya ubao wa rafu, ambao haukuwahi kuona tone la mafuta, akarudi.

"Donc miezi miwili na nusu ulijaribu mbao safi. Halafu ukapaka mbao chafu. Weye! Muntu wa daftari!"

Hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akashika nguzo, na nguzo ikamshika mkono. Lakini alipokuwa ananawa kwa mafuta ya taa aliinua kichwa akaitazama tena nguzo.

"Mamu anapendaka kuegemea," akasema. "Akiketi, lazima aegemee. Na atavaa nguo nyeupe, namuyua. Mafuta ikitoka ku nguzo ikaingia mu nguo ya Mamu, habari itafika Mbuji-Mayi mbele yake."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Mama yake alikuwa anakuja kuona kama binti yake ameishi vizuri na mtu aliyemchagua mwenyewe, mtu asiye na diploma. Ushahidi wote ungekuwa barza ile, na barza ilikuwa inanata.

Dawa ilitoka kwake, si kwangu. Tone la mafuta likidondoka kwenye kitenge, hakioshi. Anakinyunyizia poda kwanza, poda inakunywa mafuta, ndipo maji. Nilimwambia ubao si nguo. Kisha nikakumbuka kwamba kitabu changu kisicho na jalada kina ukurasa mmoja kuhusu kutoa mafuta kwenye jiwe la ngazi kwa unga na petroli. Siku zote niliuruka ukurasa huo, kwa kuwa sina ngazi ya jiwe. Tulichekecha majivu ya mbabula, jiko letu la makaa, tukayakoroga na petroli kuwa uji mzito, nikakandika nguzo zote sita, jiko likiwa limezimwa na kila mtu amekatazwa kuwasha kiberiti. Yalipokauka niliyasugua kwa brashi. Mara ya kwanza yalitoka meusi. Nikarudia. Mara ya pili yalitoka ya kijivu. Mara ya tatu yalitoka karibu meupe.

Kwa siku kadhaa barza yetu ilisimama imepakwa nyeupe mbele ya barabara nzima.

"Voisin," akaita fundi magari, "nguzo yako inagonjwa surua?"

"Inagonjwa mafuta yako!" mke wangu akamjibu kabla yangu.

"Yangu? Mama, mi nilileta dawa ya muchwa. Umeona muchwa?"

"Hapana."

"Basi dawa ilifanya kazi!"

Kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, mke wangu alichukua kipande cha kitambaa cheupe, akakisugua kwa nguvu kwenye kila nguzo, akaniachia vipande sita mezani. Niliviandika tarehe na kuvipigilia ukutani, mahali palipokuwa na zile mbao. Siku ya kwanza vilikuwa vya rangi ya chai kavu. Siku ya sita, vitano vilikuwa safi. Cha nguzo ya kushoto, ile niliyoiharibu kwanza kwa asali, kilikuwa na kivuli cha njano.

Mafuta yalitoka, lakini alama zake zilibaki. Visiwa vyeusi vilikuwa vimegeuka hudhurungi hafifu, na havikwenda tena popote. Mke wangu alimwaga maji juu ya nguzo, akarudi hatua tatu, akatazama muda mrefu. Akaomba nimpakie kidole kimoja cha kila rangi, mahali penye kisiwa. Asali ilikionyesha. Chai ilikionyesha. Kahawa ilikifunika.

"Kahawa," akasema.

"Kahawa inaonyesha vumbi."

"Vumbi inafutwa. Madoa haifutwe."

Niliandika maneno hayo kama alivyoyasema, na pembeni nikaweka: mke. Ni sentensi bora katika madaftari yote mawili.

Lakini niliona kwamba ameachia kitu. Ile asali ilikuwa rangi ya kwanza aliyoichagua katika maisha yake kwa ajili ya ukuta au ubao wake mwenyewe, na mimi ndiye niliyemnyang'anya, kwa bidoni moja na uangalifu mwingi.

Kesho yake alirudi kutoka sokoni na kitenge kimoja kimekunjwa. Alikitandaza chini barzani, kati ya nguzo. Katikati kilikuwa cha manjano ya dhahabu, na kandokando kilikuwa na pindo pana la hudhurungi nzito.

"Angalia," akasema. "Hii bamama banagombania kila siku. Unayua juu ya nini? Juu ya pindo. Ukitosha pindo," akalikunja pindo chini lisionekane, "ile manjano inakuwa manjano ya bure." Akaonyesha nguzo. "Hii njo pindo. Hauna mbao ingine, yenye haikukunywa mafuta?"

Nilikuwa nayo. Ule ubao wa rafu, nilikokata vipande vya majaribio, ulikuwa umebaki mrefu, pamoja na mwenzake. Zilitosha benchi moja na kibao cha juu cha uzio wa barza, pale mtu anapoweka mkono.

Kati ya kazi zote nilizowahi kufanya, benchi lile ndilo ninalolionyesha wageni kwanza. Halina msumari hata mmoja. Miguu imeingia kwenye matundu, matundu yamefungwa kwa vigingi vya mulombwa uleule, na kingo zote nimezizungusha kwa msasa ili zisishike nguo. Nguzo nilizipaka kahawa, tabaka mbili nyembamba, nikifuta ziada kwa kitambaa kabla haijakauka. Benchi na kibao nilivipaka asali. Nilipomaliza nilivuka barabara nikatazama kutoka upande wa pili. Mke wangu alikuwa na haki kwa kila kitu. Bila zile nguzo nyeusi asali ingekuwa nzuri tu. Katikati yake, ilikuwa kama taa.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa saa nne asubuhi, mimi nikiwa mapumzikoni na mke wangu bado hajaenda sokoni, simu yake ililia. Alikuwa kaka yake mkubwa, mwenye diploma ya chuo kikuu na nyumba Kampemba, ambako mama yao angefikia.

"Mamu alifika jana mangaribi," akasema mke wangu, mkono juu ya simu. "Alipata nafasi mu gari ya mutoto wa ndugu yake. Hataki kungoja Jumapili. Banakuya sasa."

Sote wawili tulitazama mezani. Vitambaa vya asubuhi ile vilikuwa bado pale. Vitano vilikuwa safi. Cha nguzo ya kushoto, hata juu ya kahawa iliyokauka, kilikuwa na kivuli cha njano, kidogo sana, ambacho mtu asiyejua asingekiona. Nguzo ya kushoto ndiyo iliyo kwenye kichwa cha benchi, pale mtu anapoegemea.

Mke wangu alileta mto, akauweka pale kwenye kichwa cha benchi, akauegemeza kwenye nguzo kana kwamba umekuwa hapo siku zote.

Walifika. Mama mkwe alivaa nguo nyeupe yenye maua madogo ya buluu, kama ilivyotabiriwa. Alinisalimu "Moyo wenu", salamu ya kwao, akitazama mlingoti wa umeme, nami nikamjibu nikitazama maua ya jirani, kama inavyotakiwa. Nilisimama kando ya ukuta. Shemeji yangu alichukua kiti cha plastiki. Mama akalitazama benchi lote, urefu wake, akaenda moja kwa moja kwenye kile kichwa cha kushoto, akaketi, akatoa mto nyuma yake, akauweka mapajani, akaegemea nguzo.

Mke wangu alinitazama.

Alikaa saa moja na dakika arobaini. Waliongea kwa Kiluba cha Kasai, ambacho nakielewa kuliko wanavyodhani: nani ameoa, nani amezikwa, barabara ilivyokuwa mbaya. Jua lilizunguka likaanza kuipiga nguzo. Joto hutoa mafuta. Hilo nilikuwa nimeliandika. Kila alipocheka, mgongo wake ulisugua ubao. Mke wangu alijibu mambo kinyume, na mara mbili kaka yake alimuuliza kama anaumwa.

Hatimaye mama alisimama. Mke wangu alikuwa nyuma yake kabla hajanyooka, akijifanya anamwekea nguo vizuri. Alipitisha kiganja mabegani mwa mama yake, polepole, hadi kiunoni. Akakitazama. Kisha, kwa nyuma, bila mama kuona, alikifungua akanionyesha. Kilikuwa safi. Na ile nguo ilikuwa nyeupe kama ilivyokuja.

Mama hakuwa ameona lolote. Alikuwa anapitisha mkono wake mwenyewe juu ya kibao cha uzio, kutoka nguzo hadi nguzo. Alipofika mwisho aligeuza kiganja. Kilikuwa chekundu.

"Vumbi," akasema.

"Vumbi ya Ruashi, Mamu. Tunafuta kila siku."

Akajifuta. Akarudi hatua tatu nyuma, tatu kamili, akatazama barza nzima, na hapo nikajua mke wangu alijifunza wapi.

"Muulize mume wako," akasema, "nani alichagua rangi hizi."

Mke wangu akanigeukia kana kwamba mimi ni kiziwi. "Mamu anauliza nani alichagua rangi."

"Mwambie mama: ni binti yake. Mi niliharibu, yeye akatengeneza."

"Anasema ni mi," mke wangu akafikisha.

"Masikio yangu bado mazima," mama akamwambia. "Nimesikia yote." Alitazama tena zile nguzo nyeusi na benchi lile la dhahabu katikati, na akatikisa kichwa namna watu wao wanavyofanya mbele ya kitu ambacho hawatakisifu mara mbili. "Mwambie kwamba Jumapili nitarudi na dada zangu wote wa Kampemba. Benchi moja halitatosha. Na muulize kama kopo la ile rangi nzito limekwisha, kwa sababu mlango wa kaka yako unabambuka kama samaki. Mtu mwenye diploma."

"Mamu!" akasema shemeji yangu.

Mke wangu alinigeukia tena. Safari hii hakuweza kufikisha ujumbe, kwa kucheka.

"Mwambie mama kwamba kopo lipo," nikasema, "na benchi la pili litakuwa tayari. Lakini kabla sijagusa ule mulango, shemeji aseme kwanza: amewahi kuupaka mafuta ya vidange?"

Shemeji yangu alitazama viatu vyake. Nikaingia ndani kuchukua daftari.